Huyo Sarikem, S. Ndiye Nani?

Kwa Pak Doktor Harimurti Sasongko, msimamizi wa mjukuu wangu Wening, huko chuoni Yogya, ghorofa ya juu, mlango wenye kibao chenye herufi nyingi mbele ya jina na nyingine nyingi nyuma yake.

Salamu kwako, Pak Doktor, kwa mkeo na watoto, na kwa yule bwana wa mlangoni anayempa Wening kiti kila akija kukusubiri. Sisi huku milimani Gunung Kidul tu wazima, ila magoti. Mimi ni Sarikem, bibi yake Wening, Mbah wake, mama wa mama yake. Kusoma sikujaliwa, kwa hiyo maneno haya ni yangu na mkono ni wa Rustini, mwalimu wa chekechea, mke wa mtoto mkubwa wa Lurah, mkuu wetu wa kijiji. Nimemwambia aandike kila ninachosema, asipunguze. Akaniuliza, "Mbah, na kukohoa niandike?" Nikamwambia kukohoa aache, labda pale ninapokohoa kwa makusudi.

Naandika kwa adabu zote, nimevaa hata sarungi ya kutokea, maana huwezi kumlalamikia msomi ukiwa na ya jikoni.

Shauri lenyewe ni hili. Mjukuu wangu ameandika kitabu chake cha kumalizia chuo, kuhusu thiwul, ule ugali wetu wa makopa ya muhogo. Umekisoma mwanzo mpaka mwisho ukamwambia ni kizuri. Wening alirudi nyumbani anaimba. Halafu ukafika nyuma kabisa, kwenye kurasa wanazoziita orodha ya marejeo. Mimi niliposikia marejeo nikadhani mtoto anarejea nyumbani, nikaanza kutandika kitanda. Kumbe ni majina ya watu waliosema mambo yaliyomo kitabuni. Hapo ukachukua kalamu nyekundu. Jina langu umelipiga mstari na pembeni ukaandika "Futa." Wening amekwambia hafuti. Wewe umemwambia basi hutatia sahihi. Na ofisi ya mahafali inafunga kupokea majina Ijumaa hii. Asipoingia Ijumaa atangoja mahafali mengine, na mimi kwa umri huu mahafali mengine siwezi kuyaahidi. Nataka kumwona mtoto huyu ndani ya joho, na kile kikofia chenye uzi wa kuning'inia, macho yangu yakiwa bado yanaona uzi.

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu, kwa mpangilio, kama Rustini alivyonishauri, maana anasema wasomi wanapenda namba.

La kwanza ni jina langu.

Wening alikuja na kompyuta yake akaketi hapa kwenye kitanda cha mianzi, mimi nachekecha unga. Akaniuliza, "Mbah, jina lako la ukoo nani?" Nikamwambia, "Sarikem." "Hilo lako wewe. La ukoo." "Ukoo upi, nduk, mjukuu wangu? Baba yangu Mangun, mama yangu Kasinem, kila mtu na lake, hatuazimani." "Basi la pili." "La pili la nini, hili la kwanza limeharibika?" Akanionyesha. Ile kompyuta ina visanduku viwili, na kimoja kikibaki kitupu inawaka nyekundu kama imetukanwa. Nikamwambia, "Wewe mwenyewe la ukoo unalo?" Hana. Maana yeye ni Wening Palupi, na Palupi si la baba wala la babu, mama yake alilisikia redioni akiwa na mimba akalipenda. Siku mtoto huyu akiwa msomi, watamwandika "Palupi, W.", watu waende kuwatafuta akina Palupi, na hawapo. Ni redio.

Basi akaandika Sarikem peke yake. Wewe ukaandika pembeni, "Jina kamili!" na alama ya kupiga kelele. Mtoto akaogopa, akajaza vile visanduku viwili kwa jina lilelile, ikatoka "Sarikem, S." Wewe tena ukaandika, "S ni nani?" Swali zuri. Hata mimi nilikuwa nauliza. Wening akakujibu, "S ni Sarikem, Pak." Yaani mimi ni Sarikem Sarikem. Pak Doktor, huku kwetu kuku ndio wanaoitwa mara mbili.

Na tena hujui hatari yake. Mimi nilizaliwa siku ya soko la Pon, nikaitwa Ponirah. Nikaumwa. Wenzangu wanatembea, mimi nimekaa kama kinu. Baba akasema jina ni zito, limemlemea mtoto. Wakapika uji mwekundu na uji mweupe, wakaita majirani, wakanibadilisha nikawa Sarikem, na muda si muda nikasimama, nikatembea mpaka kwa jirani nikala sukari yake. Ndivyo jina linavyofanya kazi. Likiwa zito, mtu anaugua. Sarikem mmoja nimembeba maisha yangu yote, namudu. Sasa wewe umenipandishia Sarikem wa pili juu ya yule wa kwanza, kwa umri huu, na tangu siku hiyo magoti hayasemeki. Rustini anasema magoti yalianza kabla. Nimemwambia aandike hivyohivyo.

Na uji uko wapi? Umempa mtu jina jipya, uji mwekundu hakuna, mweupe hakuna, jirani hakuitwa hata mmoja. Jina la namna hiyo halishiki. Mwanangu, samahani nakuita mwanangu, una elimu nyingi, lakini kwenye hili umeniruka.

La pili. Mwaka.

Rustini amenisomea jinsi nilivyoandikwa. Sarikem, mkato, S, nukta, halafu mabano, elfu mbili ishirini na tatu, mabano, nukta. Nikamwambia asome tena. Mume wangu Karto kule makaburini ameandikwa vivyo hivyo, jina, kisha mwaka, basi, watu wanamwaga maua. Nikampigia Wening nikamuuliza, "Nduk, nimekufa lini?" Akasema, "Mbah, jamani, huo ni mwaka uliposema!" "Mwaka niliposema? Mimi nasema kila mwaka." Akaniambia huo ndio utaratibu, kila mtu kwenye orodha ana mwaka wake kwenye mabano. Sasa wewe niambie, msomaji akiiona orodha ndefu vile, majina na miaka, majina na miaka, si atasoma dua?

La tatu ni dogo lakini linaniuma. Nasikia jina la kitabu linaandikwa kwa herufi za kulala, na mwenye kitabu herufi zake zinasimama wima. Nani aliamua? Kitabu hakina mgongo wa kuuma. Mimi ninao. Kama kuna wa kulazwa pale, nilazwe mimi, kitabu kisimame.

Na ile habari ya mstari wa kwanza kutokeza nje na wa pili kuingia ndani. Wening anasema ulipima kwa rula. Mtoto alishinda anausukuma ule mstari wa pili kwa kidole, ukiingia anashangilia, akifungua kesho yake umetoka tena. Mbuzi wa jirani yetu Pak Mitro wana tabia hiyo. Lakini mbuzi ukimfunga kamba anatulia. Nimekuwa nikimwona mjukuu wangu analia kwa ajili ya nafasi ambayo mtu hawezi kupitisha hata ukucha. Nikamwambia, "Kwani ukiacha hivyohivyo watu watashindwa kula thiwul?" Akaniambia, "Mbah, hujui. Pak Doktor anaona."

La nne. Rustini anasema la nne. Haya.

La nne ni Ngatiyah.

Ngatiyah ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Yeye naye Wening alimhoji, sijui kwa nini, thiwul yake ina mabonge. Usiandike mabonge, Rustini. Ameshaandika. Basi yabaki. Kwenye ile orodha, Ngatiyah yuko juu yangu. Nikamuuliza Wening, "Huyu amewekwa juu kwa lipi?" "Ni alfabeti, Mbah." "Alfabeti ndiye nani, jamaa yake?" Mimi ni mkubwa kuliko Ngatiyah. Nimeolewa kabla yake. Msibani mimi nakaa kwenye mkeka wa mbele, yeye wa nyuma, kijiji kizima kinajua, na hakuna aliyewahi kuuliza N au S.

Na asubuhi yake Ngatiyah kavuka barabara, anafagia pasipo na uchafu. "Dada Sarikem, nasikia kitabuni uko chini yangu." Nikamwambia, "Unasikia nini, na wewe kusoma hujui?" Akasema, "Kusoma sijui, lakini juu na chini najua."

Hilo halikuvumilika. Nikampigia Wening: nitoe Sarikem, niandike Karto, maana huku watu wananiita Mbah Karto kwa ajili ya marehemu, na Rustini ameniambia K iko mbele ya N. Wening akasema, "Mbah, Karto ni babu, na babu hakuwahi kupika hata chai." Nikamwambia babu hatalalamika. Ngatiyah akapata habari, nadhani kwa njia ya dirisha, naye akataka aandikwe Atmo, jina la baba mkwe wake. Nikasema kama ni hivyo mimi ni Asih. Rustini akaniambia, "Mbah, s inakuja kabla ya t, kwa hiyo hapo umempita." Nikafurahi sana, nikammiminia Rustini chai. Kesho yake Ngatiyah amekuwa Abadi. Sasa Pak Mitro, ambaye hakuhojiwa na mtu, ana mbuzi tu, anasema na yeye aingizwe, aandikwe Aaa. Barabara nzima inajibatiza upya, Pak Doktor. Uji mwekundu umekwisha madukani. Na mtu wa posta ameuliza kwa upole kama aache kuja.

Haya yote yametokana na rangi yako nyekundu. Sikulaumu. Naeleza tu.

La tano ndilo lenyewe, na hapa Rustini namwomba abadilishe kalamu, hii imeanza kukwaruza.

Baada ya mtoto kuhangaika na jina, na mwaka, na nukta, na mstari wa kuingia ndani, ukaja ukapiga mstari mmoja mrefu juu ya Ngatiyah na juu yangu, kalamu haikuinuka. Hata kufutwa nimefutwa pamoja na Ngatiyah. Na ukaandika sababu: "Mazungumzo binafsi hayaingii kwenye orodha ya marejeo." Wening akakwambia, "Pak, haya si mazungumzo, ni utafiti." Ukamwambia, "Kuna kitabu? Kuna mchapishaji? Msomaji atakipata wapi chanzo hiki?" Mtoto akasema, "Jikoni, Pak." Ukakasirika. Yeye hakuwa na utani. Nipo jikoni.

Sasa nisikilize. Kwenye orodha ile ile yuko mtu anaitwa Terwindt. Yeye hujamgusa. Anasimama pale, kitabu chake kimelala vizuri, mji upo, mwaka upo. Huyo ni Mholanzi aliyekuja mama yake Wening akiwa bado ananyonya, akakaa chumba chetu cha uani, mrefu, akipita mlangoni anasalimia kizingiti kwa paji la uso. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda changu na kuuliza. Hii inaitwaje? Ile inaloweshwa vipi? Mbona unanusa? Mimi namjibu, mkono uko ungani, yeye anaandika. Alikula thiwul yangu mpaka akahamisha tundu la mkanda. Wening amenisomea ukurasa wa kitabu chake. Kinasema, "Wanawake wa eneo hili hueleza kwamba makopa mazuri hutambulika kwa harufu." Wanawake wa eneo hili! Pak Doktor, mwanamke wa eneo hili ni mimi. Pale jikoni hapakuwa na mwingine, labda paka, naye alikuwa dume.

Kwa hiyo maneno yangu yakipita kwa Mholanzi ni kitabu. Yakipita kwa mjukuu wangu wa damu ni umbea. Niambie ni wapi yalipopata heshima. Ni kwenye meli?

Unauliza mchapishaji. Nina jibu, nimelifikiria wakati nageuza makopa juani. Wening mchapishaji wake ni mama yake. Mama yake mchapishaji wake ni mimi, hapa hapa, chumba hicho cha uani, kabla hatujampangisha Mholanzi. Mji unajulikana, mwaka unajulikana, mkunga alishuhudia. Wening ni toleo la pili, lililosahihishwa, maana mama yake alikuwa na hasira. Sasa nani mwingine kwenye orodha yako ana ushahidi kama huo?

Na wewe mwenyewe umo. Rustini amenihesabia, Sasongko, H., Sasongko, H., Sasongko, H., unashuka kama ngazi. Kwanza nilisikitika, maana pale wamekuvua herufi zako zote, mbele na nyuma, umebaki na H. moja tu kama mtu aliyetoka kuoga. Halafu nikamuuliza Wening ulisema nini hata utajwe sana hivyo. Akasema, "Mbah, huyo ndiye anayesahihisha." Nikaelewa. Akanisomea makala yako moja. Inasema jambo fulani, halafu kwenye mabano inasema aliyelisema ni Sasongko. Nikauliza, "Na nani anasema Sasongko kasema?" Akasema, "Sasongko." Basi Sasongko akimtaja Sasongko ni elimu, lakini mimi kuwa Sarikem Sarikem ni kosa?

Sina hasira. Nakohoa kwa makusudi.

Sasa maombi yangu. Naomba jina langu lirudishwe, Sarikem mmoja, mwepesi, bila S. Hilo likishindikana, basi naomba nirudishiwe maneno yangu. Kila nilichosema kitolewe kitabuni. Rustini ameshika kitabu, tumejaribu. Ukitoa yangu, sura ya jikoni inakwisha. Sura ya njaa inakwisha. Anabaki Terwindt, lakini ya Terwindt nayo ni yangu, kwa hiyo yatoke. Unabaki wewe. Tukaangalia ile makala yako aliyoiacha Wening, na kwenye mabano, pasipo na Sasongko, pana Terwindt. Pak Doktor, hayo nayo ni yangu! Kwa hiyo na makala zako itabidi nizipitie. Na kama sikosei, ni makala hizo ndizo zilizokupandisha ukapewa hizo herufi za kwenye kibao. Yaani ukizikuna zile herufi, chini yake kuna unga wa muhogo.

Sitaki zote. Mimi si mtu wa tamaa. Nimewaza njia ya kutupatanisha. Unazo nyingi, za mbele na za nyuma, hata mtu akikuita kwa ukamilifu wageni wanakaa chini kwanza. Nipe moja. Yoyote ambayo huitumii sana. Niiweke kwenye kile kisanduku cha pili, kompyuta itulie, Wening aandike, wewe utie sahihi, Ijumaa ipite salama. Uji nitapika mwenyewe.

Na kama hata hiyo ni ngumu, nitakuja. Mkwe wangu ana pikipiki. Nitakuja na kile chungu changu na kikapu cha mianzi cha kupikia kwa mvuke, na makopa, na kigoda, nikae kwenye ukumbi nje ya mlango wako. Uliuliza msomaji atakipata wapi chanzo. Atakipata hapo. Saa za asubuhi nitakuwa napika, mchana nitahojiwa, jioni msomaji anaweza kunipapasa ahakikishe kwamba sijachapwa na mtu. Wanafunzi watakula. Utaona kama kuna atakayekwenda maktaba.

Nafunga hapa, maana unga unanisubiri na Rustini anatikisa mkono kama anafukuza nzi, ni kuchoka. Nisalimie mkeo na mama mkwe wako kama yupo, bwana wa mlangoni na kiti chake, wanafunzi wenzake Wening wote, hasa yule mnene aliyekuja hapa akala panzi wa kukaanga akadhani ni kamba wa baharini. Nisalimie hata wale wa ofisi ya mahafali, waambie Ijumaa wasifunge mapema. Na wale wote walio kwenye orodha ya marejeo, walio hai, nawasalimu, na waliokufa Mungu awarehemu, maana kwa jinsi mlivyowaandika siwezi kuwatofautisha.

Ni mimi, kwa heshima na kwa kidole gumba,

Sarikem

Nyongeza. Pak Doktor, subiri, hayo ya juu usiyafanyie kazi bado.

Rustini alitaka kuhakikisha jina langu limeandikwa sawa, akafungua kitabu cha Wening pale nyuma kwenye orodha. Akasema, "Mbah, ngoja nione umetajwa wapi na wapi." Nikamwambia, "Tazama, tazama," nimejaa fahari. Sikujua kuwa ndivyo kinavyofanya kazi. Mimi nilidhani ile orodha ni kama ubao wa waliochanga msikitini, jina lako linakaa pale watu walione. Kumbe ni njia. Mtu anaanza na habari katikati ya kitabu, anakuta jina kwenye mabano, analifuata mpaka nyuma, na kutoka nyuma anafika mlangoni kwangu.

Rustini akapita na kidole. Akafika ukurasa wa harusi. Kidole kikasimama.

"Mbah."

"Nini?"

"Hii harusi ya nani?"

"Harusi ipi?"

Akanisomea, polepole, sauti yake ya chekechea: "Katika mwaka wa njaa, hata kwenye harusi ya Lurah wa sasa, sahani za wageni zilijazwa thiwul chini, na wali ukatandazwa juu mwembamba kama shuka, na wageni wakanong'onezwa wasichimbe." Halafu mabano. Halafu mimi. Halafu mwaka.

Akasema, "Mbah, huyu ni baba mkwe wangu." Kama vile mimi simjui. Na Bu Lurah, mama mkwe wake, hakuna shughuli asiyokaa akasimulia jinsi harusi yake ilivyokuwa wali mtupu mpaka chini ya sahani, mpaka leo, na sisi wote tunaitikia.

Pak Doktor, nilikuwa naongea na mtoto. Moto unawaka, chungu kinachemka, yeye ana kalamu, mimi nikadhani anaandika mapishi. Na Lurah ameshaagiza nakala, yenye maandishi ya dhahabu, iwekwe kwenye kabati la kioo ofisini kwake. Amemwambia mwanawe kwamba ataanza kusoma nyuma, aone ni nani wa kijijini katajwa.

Basi nimeitafakari ile kanuni yako. Ni kanuni nzuri mno. Aliyeitunga alikuwa na majirani. Mazungumzo binafsi ni binafsi, na kama mtu hana mchapishaji asijitie. Tafadhali nifute. Futa Sarikem wa kwanza na wa pili, futa ile S, futa mabano, mkato, na nukta zote zilizokuwa karibu yangu. Futa pale nyuma na futa na kule katikati. Herufi niliyoomba baki nayo.

Nimempigia Wening sasa hivi. Nikamwambia, "Nduk, nifute." Akasema, "Mbah! Mimi nimegombana na Pak Doktor kwa ajili yako, nimelia mbele ya watu!" Nikamwambia, "Umefanya vyema, sasa nifute." Akauliza kwa nini. Nikamtajia ukurasa. Akacheka mpaka simu ikakatika. Anakuja kwako kesho asubuhi, orodha imeshapunguzwa, mistari yote imeingia ndani. Tia sahihi, mwanangu, kabla ya Ijumaa.

Lakini ile habari ya wali usiitoe. Ni ya kweli, na bila hiyo watu hawataijua ile njaa. Mimi nilikuwepo, nilichimba.

Barua hii imebidi itumwe hivi hivi, leo hii, kwa pikipiki ya mkwe wangu, Rustini hawezi kuandika yote upya, mkono umekufa ganzi. Ukiisha kuisoma, ichome. Tumekaa tukakubaliana huku: mimi sikusema, Rustini hakusoma, na Wening hakumbuki alisikia kwa nani. Umebaki wewe.